Mama wa Mche ni Nani? Vinasaba vya Miti Iliyo Hatarini

Ingia kwenye kitalu chochote cha miti wiki chache kabla ya mvua za masika. Viriba vimepangwa kwa safu, udongo umelowa, miche imesimama wima. Mwenye kitalu atakutajia bei, umri wa mche, hata mahali alikotoa mboji. Sasa muulize: mbegu hizi ziliokotwa chini ya miti mingapi? Hapo atanyamaza kidogo, kisha atakuonyesha kwa kidole. Kuna mti mmoja mkubwa kando ya barabara. Unazaa sana, mbegu zake ni rahisi kuzifikia, na kila msimu watu huziokota pale pale.

Kwa hiyo miche elfu tano inayosubiri kupelekwa mlimani ni watoto wa mama mmoja. Ikipandwa yote kwenye eneo lililoungua au kufyekwa, miaka ishirini baadaye tutakuwa na msitu wa kijani unaopendeza machoni, ambao ndani yake kila mti ni ndugu wa mwenzake. Watazaliana wenyewe kwa wenyewe. Ugonjwa unaoweza kuua mmoja utakuwa na uwezo wa kuua wengi, na mbegu za kizazi kitakachofuata zitazidi kudhoofika. Haya yote hayaonekani kwa macho. Mtu anaweza kuhesabu miti, kupima unene wa shina, hata kupiga picha kutoka angani, na bado asijue kama msitu wake una familia mia moja au tatu.

Kitu kinachoweza kulijibu swali hilo ni alama za vinasaba. Naandika kuzihusu leo kwa sababu nchi zetu zimeingia kwenye kampeni kubwa za kupanda miti. Kenya peke yake ilitangaza mwishoni mwa mwaka 2022 lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032. Hesabu yetu yote ni ya idadi, na idadi haisemi lolote kuhusu nasaba. Kwa miti ya kawaida tunaweza kuvumilia uzembe huo kwa muda. Kwa miti iliyo hatarini kutoweka, uzembe huo unaimaliza huku tukidhani tunaiokoa.

Chukua mti ambao Wakikuyu wanauita muiri, Waluhya mwiritsa, Wakalenjin tenduet, na Wachagga mkonde-konde. Kisayansi ni Prunus africana. Ni ndugu wa pichi, plamu, cheri na lozi, na ndiye pekee wa ukoo huo mwenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara. Huota kwenye misitu ya milimani, kuanzia Kameruni hadi Ethiopia, kushuka Kenya, Uganda na Tanzania hadi Afrika Kusini, na ng'ambo ya bahari kule Madagaska. Unaweza kufika mita 30 hadi 40. Ukisugua jani lake vidoleni utasikia harufu ya lozi chungu. Nyani na ndege hula matunda yake na kuzisambaza mbegu, na wadudu ndio wanaobeba chavua kutoka ua hadi ua.

Wazee wetu walitumia magome yake kwa dawa miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuyapima maabara. Kisha mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alisajili hataza ya dawa ya uvimbe wa tezi dume iliyotokana na magome hayo, na kuanzia hapo mti wa milimani ukawa bidhaa ya famasia za Ulaya. Katika miaka ya 1990 biashara hiyo ilifikia maelfu ya tani za magome kwa mwaka. Yalitoka Kameruni, Madagaska, Kenya, Uganda, Kongo na kwingineko, na karibu yote yalitoka kwenye miti ya porini. Mti ukibanduliwa nusu ya magome yake kwa uangalifu, pande mbili zinazotazamana, unaweza kupona. Ukibanduliwa pande zote hufa umesimama, na wavunaji wengine hawakusubiri hata hayo: waliuangusha kwanza ili kufikia magome ya juu. Masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, juu ya biashara yake yalianza kutumika mwaka 1995, na mwaka 2007 nchi za Umoja wa Ulaya zilisimamisha ununuzi kutoka Kameruni. Katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, muiri umo.

Ukataji wa namna hii hauchagui kwa bahati nasibu. Mvunaji hutafuta mti mnene, wenye magome mengi. Mti mnene ndio mti mzee, na mti mzee ndio unaotoa maua mengi na mbegu nyingi. Ukiuondoa huo, umeondoa akina mama na akina baba wa msitu kwa mkupuo mmoja. Wanaobaki wamesimama mbali mbali, nyuki hawafiki, na chavua haitoshi. Msitu unaendelea kuzaa, lakini wazazi ni wachache.

Wataalamu wanajuaje haya? Kazi huanza na jani moja. Mtafiti hukata kipande kisichozidi ukubwa wa stempu, hukitia kwenye mfuko mdogo wenye chembe za silika zinazonyonya maji yote, na kuandika mahali mti ulipo. Jani likikauka haraka, vinasaba vyake haviozi. Maabara hulisaga na kuvitenga vinasaba na vitu vingine vyote vilivyomo, na kwa miti kazi hiyo ni ngumu kuliko kwa wanyama, kwani majani mengi yamejaa tanini na utelezi unaoharibu kipimo. Wengi wa wanafunzi wanaoianza kazi hii hukwama hapo kwa wiki kadhaa kabla ya kupata sampuli safi.

Vinasaba vimeandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Katika sehemu fulani herufi mbili au tatu hujirudia mfululizo, GAGAGAGA, na idadi ya marudio hutofautiana kati ya mti na mti, kiasi kwamba unaweza kuyahesabu kama shanga kwenye uzi. Kwa kawaida mti hubeba hesabu mbili kwa kila sehemu, moja ya mama na moja ya baba. Tuseme mti mkubwa una 12 na 17, na mche ulio chini yake una 17 na 20. Huenda ni mama yake, maana wanashiriki 17. Lakini ikiwa mche una 14 na 20, mti huo si mama yake, hata kama mche umeota kwenye kivuli chake. Ukiangalia sehemu moja unaweza kudanganyika. Ukiangalia sehemu kumi au kumi na tano kwa pamoja, karibu kila mti msituni unakuwa na utambulisho wake peke yake, na ndugu wanajulikana kwa ndugu zao.

Sehemu hizo ndizo alama. Kuzipata ndiko kunakoitwa kutengeneza alama, na aina moja ya mti huweza kuhitaji kazi yake mpya kabisa. Zamani ilikuwa safari ya miezi: vipande vya vinasaba viliingizwa ndani ya bakteria, bakteria wakakuzwa, na mtafiti akachambua koloni moja baada ya nyingine akitafuta marudio. Siku hizi mashine husoma mamilioni ya vipande kwa mara moja na kompyuta ikachambua. Hata hivyo kompyuta hutoa orodha ya watahiniwa tu. Kila mmoja hutengenezewa vianzishi vyake, yaani vipande vifupi vinavyoiambia mashine ya PCR ianze kunakili wapi, kisha hujaribiwa kwenye miti kadhaa kutoka misitu mbalimbali. Wengine hawanakiliki. Wengine hunakilika vizuri lakini kila mti una hesabu ile ile, kwa hiyo hawana faida yoyote. Wanaobaki ni wachache, na hao ndio huchapishwa ili mtafiti yeyote mahali popote awatumie.

Muiri ulibahatika kuwa na jamaa tajiri. Kwa kuwa pichi na cheri ni mazao ya biashara, alama zao zilikwisha kutengenezwa kwa ajili ya wakulima wa Ulaya na Marekani, na baadhi zilipojaribiwa kwenye muiri zilifanya kazi. Miti yetu mingi haina jamaa wa namna hiyo. Mti wa asili unaojulikana na kijiji kimoja na mtaalamu mmoja wa mimea huanza kutoka sifuri.

Kazi ya alama hizo kwa muiri ilionekana vizuri huko Kakamega. Msitu ule wa magharibi ya Kenya huhesabiwa kuwa masalia ya mashariki ya msitu mkuu wa mvua wa Kongo, na kwa miaka mia moja iliyopita umekatwa vipande: msitu wenyewe, halafu Kisere, Malava, Bunyala na vingine, vimezungukwa na mahindi, miwa na chai. Watafiti walichukua majani ya miti mikubwa na majani ya miche. Mantiki yao ilikuwa rahisi, na binafsi naiona ya kupendeza. Mti mkubwa ulizaliwa wakati msitu ungali mzima, na mche umezaliwa juzi, baada ya shoka kupita. Ukilinganisha vizazi viwili vilivyosimama mahali pamoja, unaona kilichopotea katikati. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa uharibifu wa binadamu unapunguza utofauti wa vinasaba vya mti huu.

Anayetembea Kakamega leo huona miti mirefu na kutulia. Lakini miti mirefu ni ushahidi wa jana. Hali ya kesho imo kwenye miche inayofika magotini, na hakuna bwana miti anayeweza kuisoma bila maabara.

Kuna aina nyingine ya alama inayojibu swali la zamani zaidi. Ndani ya seli ya jani kuna kloroplasti, zile chembe za kijani zinazotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, nazo zina vinasaba vyake zenyewe. Katika miti mingi inayotoa maua, vinasaba hivyo hurithiwa kwa mama pekee. Chavua haivibebi. Kwa hiyo ukifuata alama za kloroplasti unafuata njia ya mbegu, yaani safari ya ndege na nyani waliozibeba kwa maelfu ya miaka. Mtafiti Mkenya Caroline Kadu na wenzake walifanya hivyo kwa muiri kutoka sehemu nyingi za Afrika, na utafiti wao wa mwaka 2011 ulionyesha jambo ambalo ramani ya leo isingemwambia mtu: miti ya magharibi ya Uganda ina undugu wa karibu na ile ya Afrika Magharibi, ingawa leo kati yao kuna bonde la Kongo ambamo muiri hauwezi kuishi. Maana yake, zamani, hali ya hewa ilipokuwa ya baridi zaidi, kulikuwa na njia ya misitu ya milimani iliyounganisha pande hizo mbili. Baadaye joto likarudi, miti ya bondeni ikatoweka, na ndugu wakabaki kila mmoja kwenye kilima chake.

Hili lina faida zaidi ya historia. Kundi hilo la watafiti lilipima pia kemikali zilizomo kwenye magome, na kukuta zinatofautiana kutoka eneo hadi eneo. Kumbe mti wa mlima mmoja hauwezi kuchukuliwa kuwa nakala ya mti wa mlima mwingine, wala kwa asili wala kwa dawa. Anayesafirisha mbegu kutoka upande mmoja wa Bonde la Ufa kwenda mwingine kwa sababu ni rahisi kupatikana anachanganya makundi yaliyojitenga kwa muda mrefu sana. Pengine mchanganyiko huo utakuja kuhitajika, joto likipanda. Lakini uwe uamuzi wa mtu anayejua alichokifanya.

Muiri bado una maelfu ya miti. Kuna wengine walio pabaya zaidi, na kwao kila mti una uzito wake. Karomia gigas ulitambuliwa kwenye pwani ya Kenya mwaka 1977, na mti uliojulikana huko baadaye ukakatwa. Ukaonekana tena kusini mwa Tanzania mwaka 1993, ukapotea machoni, na mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaupata tena, miti michache mno. Ni wa familia moja na mrehani na mtiki. Mbegu zake hushambuliwa na kuvu, na kati ya matunda mengi yanayookotwa, machache sana huwa na mbegu hai. Mwaka 2018 Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania na bustani ya mimea ya Missouri, Marekani, walishirikiana kukusanya mbegu, na miche michache ikaoteshwa St. Louis.

Kwa mti kama huo, alama za vinasaba ndizo zinazoamua kazi ifanyike vipi. Kama miti iliyobaki ni ndugu watupu, kuzalisha kati yao kunahitaji tahadhari, na kutafuta mti mwingine wowote porini ni jambo la dharura. Kama ni familia tofauti, basi kila mmoja lazima awe na watoto bustanini, hata yule anayezaa mbegu mbili kwa mwaka. Bustani isiyojua hayo itakuza miche ya mti unaozaa sana na kuwasahau wengine, na hakuna atakayekuwa na nia mbaya.

Kuna wakati jibu huwa la kukatisha tamaa. Msonobari wa Wollemi uligunduliwa mwaka 1994 kwenye makorongo ya kaskazini-magharibi ya Sydney, Australia, mti uliodhaniwa kuwa umekwisha kabisa duniani. Miti mikubwa haikufika mia moja, na vipimo vya vinasaba havikuona karibu tofauti yoyote kati yao. Kwa kujua hivyo, walinzi wake walielewa kwamba ugonjwa mmoja ungeweza kuwamaliza wote, wakaficha mahali ulipo, na wakasambaza miche duniani kote ili hata korongo likiangamia, mti wenyewe usiangamie.

Alama hizi pia zimeanza kuingia mahakamani. Katika jimbo la Washington, Marekani, mwaka 2021, mtu aliyeiba miti ya mepo kwenye msitu wa taifa alitiwa hatiani, na sehemu ya ushahidi ilikuwa vinasaba vya mbao zilizouzwa vikilinganishwa na vya visiki vilivyobaki msituni. Nawaza jinsi jambo hilo lingeweza kutusaidia. Msandali wetu uling'olewa na mizizi yake kwenye nchi kavu za Kenya hadi serikali ikapiga marufuku mwaka 2007, na mwaka 2013 ukaingizwa CITES kwa nchi za Afrika Mashariki. Lori likikamatwa usiku, dereva husema mzigo umetoka nchi jirani, ambako alipewa kibali. Kwa sasa mara nyingi ni neno lake dhidi ya la askari. Ramani ya vinasaba vya msandali, msitu kwa msitu, ingelipima neno hilo. Lakini ramani lazima iwepo kabla ya lori.

Wapo watakaosema hii ni anasa, kwamba nchi isiyo na fedha za kuwalipa walinzi wa msitu haina haja ya mashine za kusoma vinasaba. Nauheshimu wasiwasi huo, ila siukubali. Gharama ya kupima majani ya aina moja ya mti imeshuka sana, na hupimwa mara moja kwa miaka mingi. Nairobi ina maabara za kutosha kufanya kazi hii, na vijana waliosomea wapo, wengi wao wakifanya kazi kwenye mahindi na ng'ombe kwa sababu huko ndiko fedha ziliko. Chini ya Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, nchi ina haki ya kujua vinasaba vya viumbe wake vinakwenda wapi na nani anafaidika. Haki hiyo inakuwa na maana zaidi majani yakipimwa hapa hapa.

Ripoti ya hali ya miti duniani iliyotolewa mwaka 2021 ilihesabu aina karibu 60,000, na ikasema takriban asilimia 30 ziko hatarini. Haiwezekani kutengeneza alama za zote. Lazima tuchague, na mimi ningeanza na miti ambayo tayari tunaiotesha na kuipanda kwa wingi: muiri, mpingo, msandali, na miti ya milima ya Tao la Mashariki. Hiyo ndiyo tunayoweza kuiharibu kwa mikono yetu wenyewe huku tukishangilia.

Kwa mwenye kitalu, mengi hayahitaji maabara hata kidogo. Mwongozo unaotumiwa na wataalamu wa mbegu ni kuokota kutoka miti isiyopungua 30, kila mmoja ukiwa mbali na mwenzake mita 50 hadi 100, na kuchukua kiasi kinacholingana kutoka kila mti, hata ule mvivu wa kuzaa. Mbegu za muiri hazikubali kuwekwa akibani muda mrefu, hivyo kazi hiyo lazima ifanyike ndani ya majira ya matunda. Kila gunia liandikwe msitu, tarehe na idadi ya akina mama. Na miche ikishapandwa na kukua, mtafiti atakayekuja na mifuko yake ya silika ataweza kupima kama ile thelathini iliyoandikwa ni thelathini kweli, au ni mitatu iliyozaa sana mwaka ule.